Maswali na Majibu: Kufundisha Michoro Mjongeo, Wapi Ukaze na Wapi Ulegeze

Barua za toleo hili zimetoka kwa walimu na wanafunzi wa michoro mjongeo, yaani kazi ya kuyapa mwendo maandishi, maumbo na nembo kwenye skrini. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: mwanafunzi apewe uhuru kiasi gani, na abanwe wapi. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Nikiwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza “tengenezeni chochote mnachopenda”, wiki mbili zinapita hawajaanza. Nikiwapa video ya mafunzo waifuate, naletewa kazi 25 zilizo pacha. Nishike lipi? (Mwalimu wa usanifu)

Usishike lolote kati ya hayo mawili, mwalimu. Chagua kitu kimoja cha kuacha wazi, halafu funga vingine vyote kabisa.

Anza na zoezi hili. Kila mwanafunzi anapewa mraba mmoja mweusi kwenye mandhari nyeupe, sekunde 3 kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 kila sekunde, yaani fremu 72 basi. Hakuna rangi, hakuna sauti, hakuna maandishi, hakuna umbo la pili. Anachoruhusiwa kubadili ni mahali mraba ulipo na ukubwa wake tu. Kisha anachota kikaratasi chenye neno moja: woga, kiburi, uvivu, pupa, aibu. Mraba wake uonyeshe neno hilo, na wenzake walitambue bila kuambiwa. Saa moja na nusu inatosha. Kwa kuwa kila kitu kingine kiko sawa darasa zima, tofauti yoyote mtakayoiona itakuwa imetoka kwenye mwendo. Aliyechota “woga” kwa kawaida huanza kwa kuutetemesha mraba mwanzo hadi mwisho. Mwambie ajaribu kuusimamisha fremu 8 kabla haujasogea, kisha ausogeze kidogo na kuurudisha nyuma. Kusita huko husema zaidi ya mtetemeko wote ule.

Wiki inayofuata fungua kitu kimoja zaidi, labda mzunguko, au umbo la pili, au sauti. Usifungue viwili kwa mpigo. Ukifungua rangi na sauti pamoja, wengi watakimbilia rangi kwa sababu ndiyo nyepesi, na mwendo watausahau.

Mbinu yenyewe si ngeni. Katika miaka ya 1920, Josef Albers akifundisha kozi ya awali ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu nchini Ujerumani, aliwapa wanafunzi karatasi tupu na kuwataka waunde kitu kwa kuikata na kuikunja, bila kubakiza mabaki. Sharti hilo liliwalazimu kujua karatasi inabeba uzito pale gani na inavunjika pale gani. Mraba mweusi unafanya kazi hiyohiyo kwa upande wa mwendo.

Kwa darasa lililokwisha kuzoea, tumia jedwali la michanganyiko, mbinu iliyotokana na kazi ya Fritz Zwicky, mwanaastronomia wa Uswisi. Chora safu nne zenye vitu vitano vitano. Safu ya kwanza ni kitu: uzi, mlango, tone la maji, ufunguo, jani. Ya pili ni kitendo: kukua, kujificha, kugawanyika, kusukuma, kuyeyuka. Ya tatu ni mwenendo: kwa ghafla, kwa kusitasita, kwa mdundo ulio sawa, kwa kuongeza kasi, kwa kurudi nyuma. Ya nne ni sharti: rangi mbili tu, kamera haisogei, hakuna mstari uliopinda, kila kitu kitoke kushoto, fremu ya mwisho ifanane na ya kwanza. Hapo una michanganyiko 625, na mwanafunzi anachota namba nne, moja kwa kila safu. Mpe ruhusa ya kuchota upya mara moja tu, la sivyo atachota mpaka apate ile anayoijua tayari.

Jedwali hili huharibika mwalimu anapoweka maneno makubwa yasiyoshikika kwenye safu ya kitu. Andika “amani” uletewe njiwa. Andika “maendeleo” uletewe mshale unaopanda. Weka vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika mkononi.

Kwa wanaokwama katikati ya kazi, tengeneza kadi. Mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa kadi za namna hiyo mwaka 1975, lakini za darasani afadhali mziandike wenyewe, kama 20 hivi, kila moja ikiwa amri inayotekelezeka: “Toa leya moja” (leya ni tabaka moja la kazi). “Kata muda kwa nusu.” “Kinachotembea kisimame, kilichosimama kitembee.” “Anzia mwisho.” Aliyekwama huhifadhi nakala yenye namba mpya ya toleo, huchota kadi, kisha huitii kwa dakika 15 bila ubishi. Matokeo yasipomfaa anarudi kwenye nakala yake. Bila nakala hiyo hakuna atakayethubutu, na kadi zitabaki pambo la mezani.

Kila fremu kuu (ile ninayopangia mahali au ukubwa wa kitu, programu ikijaza zilizo kati) nimeiwekea mwendo wa kuanza na kuishia taratibu, kama tulivyofundishwa, lakini kazi yangu bado inaonekana ya kimashine. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Liko kwenye hilo neno “kila”. Ukizichagua fremu kuu zote ndani ya programu ya After Effects na kubonyeza F9, zote zinapata ulaini uleule, yaani kiasi cha kuanza na kuishia taratibu, wa asilimia 33.33 kila upande. Vitu vyote vinaanza sawa na kuishia sawa, chenye uzito na kisicho na uzito. Blender, programu nyingine ya uhuishaji, nayo hupinda yenyewe mstari wa grafu ya mwendo kwenye fremu kuu mpya bila kuombwa, kwa hiyo usidhani umeshafanya uamuzi eti kwa kuwa mstari umepinda.

Tenganisha mambo mawili: muda na nafasi. Muda ni idadi ya fremu ambazo kitendo kinachukua. Nafasi ni umbali ambao kitu kinasogea kutoka fremu moja hadi nyingine. Unaweza kuwa na muda uleule na nafasi tofauti, na hapo ndipo uzito unapoonekana.

Lithibitishe hili mezani kwa sarafu na ukanda wa karatasi wa sentimita 32. Weka alama kwenye sentimita 0, 8, 16, 24 na 32. Piga picha sarafu ikiwa kwenye kila alama, picha tano. Chukua ukanda wa pili uweke alama kwenye 0, 2, 8, 18 na 32, upige tena picha tano. Cheza mafungu yote mawili kwa kasi moja. Sarafu ya kwanza inateleza tu. Ya pili inaanguka. Mapengo ya ukanda wa pili ni sentimita 2, 6, 10 na 14, yaani uwiano wa 1, 3, 5, 7, na ndivyo kitu kinavyoanguka kwa uzito wake chenyewe.

Mpira unaodunda una mitego miwili. Wa kwanza ni pale unapogusa chini. Mstari wa grafu ya mahali lazima uwe na ncha kali pale, mfano wa herufi V. Ukiulainisha, utadhani mpira umeangukia godoro. Ulaini unawekwa juu tu, mpira unapofikia kilele. Mtego wa pili ni muda wa midundo inayofuata. Mdundo ukipanda robo tu ya urefu wa ule uliotangulia, unatakiwa uchukue nusu ya muda wake. Wanafunzi wengi hupunguza urefu na kuacha idadi ya fremu ileile, halafu wanashangaa mpira kuelea.

Kwa maandishi na nembo, tunaanzia na vipimo hivi, nawe rekebisha kwa jicho. Kitu kinachoingia kichukue fremu 10 hadi 16, kianze kwa kasi na kutua taratibu. Ulaini wa upande wa kutua uwe kama asilimia 80, na wa kuondoka uwe mdogo. Kinachotoka kichukue fremu 6 hadi 10, kwa sababu mtazamaji hana haja nacho tena. Leya zikiwa nyingi, zichelewesheane fremu 2 hadi 4. Kitu kikikua kutoka 0, unaweza kukipitisha hadi asilimia 110 kisha kukirudisha 100 ndani ya fremu 4, ila kwa kitu kimoja katika tukio, kile unachotaka jicho likifuate. Vitu sita vikipitiliza kwa pamoja hakuna kinachoonekana.

Angalia pia unafungua grafu ipi. Grafu ya thamani inaonyesha kitu kiko wapi; grafu ya kasi inaonyesha kinakwenda mbio kiasi gani. Ukisoma mojawapo ukidhani ni nyingine, utarekebisha kinyume na kuharibu zaidi.

Nina kompyuta moja inayofaa na wanafunzi zaidi ya 20. Ninaweza kufundisha somo hili kweli? (Mwalimu)

Unaweza, na miezi miwili ya mwanzo haihitaji kompyuta ya kila mtu. Simu moja kwa kila kundi la wanafunzi wanne au watano inatosha kwa uhuishaji wa kupiga picha moja moja. Picha 12 kwa sekunde hutosha pia, maana kila picha inakaa fremu mbili za zile 24. Kazi ya sekunde 5 ni picha 60.

Lazeni simu kwenye ubao mwembamba uliovuka kati ya meza mbili, kamera ikitazama chini, muibane kwa utepe wa gundi. Wekeni alama kwenye pembe nne za karatasi ya chini ili ikisogezwa irudi mahali pake. Kisha fungeni fokasi na mwanga. Kwenye simu nyingi unabonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini mpaka alama ya kufuli itokee. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Isipofanywa, simu inajirekebisha kila mkono unapoingia na kutoka, na video nzima inapepesa. Kupepesa kwingine hutoka dirishani, wingu linapopita: fungeni pazia mtumie taa. Kwingine hutoka kwa aliyevaa shati jeupe anayeinamia meza na kurudisha mwanga juu ya karatasi. Wala msibonyeze simu kwa kidole. Tumieni kitufe cha sauti cha spika za masikioni, au kipima muda cha sekunde 3.

Umbali wa kusogeza uandikwe kabla. Kwa kipande cha karatasi kinachoanza taratibu na kuishia taratibu, milimita 1, 2, 4, 8, 8, 8, 4, 2, 1 ni mwanzo mzuri. Mmoja anasogeza, mmoja anapiga picha, mmoja anasoma orodha na kuweka alama ya vema, mmoja anaangalia kama kuna mkono au kivuli kwenye picha. Wabadilishane kila baada ya picha 15. Kompyuta ile moja iwe ya kuunganisha tu. Kila kundi lina dakika 20, na Blender, isiyolipiwa, inazipanga picha kuwa video bila taabu. Kundi lisilo na orodha ya picha zake zilizopangwa kwa namba lisikae kwenye kiti.

Kila mwanafunzi akileta kitu tofauti, nasahihisha vipi kwa haki? Mkuu wa idara anataka mwongozo mmoja. (Mwalimu)

Mpe mwongozo mmoja, lakini usiandike humo neno “ubunifu” peke yake lenye alama 40 mbele yake. Hapo kila msahihishaji atatoa alama kwa anachokipenda. Sahihisha maamuzi yanayoonekana.

Mgawanyo huu hufanya kazi katika madarasa mengi: mchakato 40, ubora wa mwendo 35, kutimiza masharti ya kazi 15, ufundi wa faili 10. Mchakato uwe na ushahidi wa vitu vitatu. Kwanza, mawazo matatu ya mwanzo yanayotofautiana kweli. Wazo moja lililopakwa rangi tatu ni wazo moja. Pili, animatiki, yaani michoro ya mfuatano iliyowekwa kwenye muda wake halisi hata kama ni ya penseli. Tatu, matoleo mawili ya kazi na maelezo ya mistari mitano: nini kilibadilika, na kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyejaribu jambo gumu likamshinda, lakini akaeleza lilimshindia wapi, anaweza kupata 32 kati ya 40 hapa huku akipoteza kwenye mwendo. Akijua hivyo mapema, atajaribu.

Tatizo ni kwamba wajanja hutengeneza “mchakato” usiku wa kuamkia kukabidhi. Dawa ni kusaini michoro darasani kila wiki na kuandika tarehe. Isiyosainiwa haihesabiwi.

Kabla ya kuanza muhula, walimu wawili wasahihishe kazi tatu zilezile kila mmoja peke yake. Alama zikipishana zaidi ya 10, kasoro iko kwenye maneno ya mwongozo. Yaandikeni upya.

Tukikaa kujadili kazi, wanafunzi ama wananyamaza ama wanaumizana. (Mwalimu wa jioni)

Panga zamu za kusema. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, ana utaratibu wa hatua nne unaofaa hapa. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au kilichobaki akilini. Pili mwenye kazi anauliza wao wanajibu. Tatu watazamaji wanauliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake: “ulichaguaje muda wa herufi kukaa?” na si “mbona herufi zinakaa sana?” Nne wanatoa maoni, kwa kuomba ruhusa kwanza: “nina maoni kuhusu rangi, ungependa kuyasikia?” Mwenye kazi ana haki ya kukataa.

Kwa michoro mjongeo ongeza jambo moja: kazi ionyeshwe mara tatu. Ya kwanza na sauti, ya pili bila sauti, ya tatu fremu kwa fremu pale panapojadiliwa. Muziki mzuri huficha mwendo mbovu, na usipoizima sauti hamtauona. Dakika 8 kwa kazi, na saa iwekwe wazi mezani.

Mipigo ya muziki wangu haikutani na fremu hata nikipanga kwa makini. (Mwanafunzi)

Piga hesabu kabla ya kuanza: fremu za sekunde moja mara 60, gawanya kwa mipigo ya dakika moja. Muziki wa mipigo 120 kwenye fremu 24 unatoa fremu 12 kwa kila mpigo, safi. Muziki huohuo kwenye fremu 25 unatoa 12.5, na mpigo mmoja kati ya kila miwili utaangukia katikati ya fremu. Kwenye fremu 25 tafuta mipigo 100, inayotoa fremu 15, au 125, inayotoa 12. Tukio la kugonga liweke fremu moja au mbili kabla ya mpigo, ulinganishe kwa kutazama.

Kazini mteja hubadilisha maelekezo siku ya mwisho. Shuleni hatufundishwi hilo. Na je, turuhusu akili mnemba? (Mkufunzi wa chuo)

Maswali hayo mawili yana zoezi moja. Saa 48 kabla ya kukabidhi, toa agizo jipya: kazi ya sekunde 15 ya skrini ya mlalo, pikseli 1920 kwa 1080, itolewe pia kwa sekunde 6, skrini ya wima, 1080 kwa 1920. Litaje kwenye ratiba tangu siku ya kwanza kwamba agizo litakuja, bila kusema ni lipi.

Mwenye faili la ovyo ataumia. Atakayepita ni yule aliyetaja leya kwa majina, akakusanya vitu vinavyokwenda pamoja, akaendesha rangi zote kutoka sehemu moja, na akaweka maandishi muhimu ndani ya mraba wa katikati wa 1080 kwa 1080, ambao unabaki mzima katika skrini zote mbili. Wengine hujaribu kuiharakisha video mara mbili na nusu. Wakatalie. Sekunde 6 ni fremu 144, na haziwezi kubeba maneno ya fremu 360. Kipimo chepesi ni kusoma maandishi kwa sauti mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Yakiondoka hujamaliza, punguza maneno.

Zoezi hilohilo linajibu suala la akili mnemba kuliko katazo lolote. Video iliyotolewa nzima na mashine huja imebanwa kuwa picha moja, bila leya wala fremu kuu, na agizo la “badili herufi hii, chelewesha ile kwa fremu 3” linaikwamisha. Iruhusu kwenye hatua ya kutafuta mawazo, kwa sharti kwamba mwanafunzi aweke rekodi ya alichoiomba na alichokitupa. Michoro ya mfuatano na mwendo wenyewe avifanye kwa mkono wake mpaka utakaporidhika kwamba anajua anachokiamua.

Kompyuta inazima katikati ya kutoa video, yaani kuigeuza kazi kuwa faili la video, na ninaanza upya. (Mwanafunzi)

Usitoe video moja kwa moja. Toa mfululizo wa picha za PNG, faili moja kwa kila fremu. Sekunde 10 ni faili 240. Mashine ikizima kwenye picha ya 173, futa hiyo ya mwisho kwani huenda haikukamilika, kisha endelea kuanzia hapohapo. Ukimaliza unaziunganisha kuwa video kwa dakika chache. Weka faili hizo kwenye folda yake peke yake, na hakikisha diski ina nafasi kabla ya kuanza.

Kazi yangu ina mimweko mingi ya nyeupe na nyeusi. Mwalimu ameikataa bila kunieleza. (Mwanafunzi)

Amefanya vyema kuikataa, ingawa alipaswa kukueleza. Mimweko ya kasi inaweza kumletea degedege mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Kanuni inayotumika kwenye tovuti ni kutozidi mimweko mitatu ndani ya sekunde yoyote moja, na rangi nyekundu iliyokolea ni ya kuhofiwa zaidi. Ukitaka mshtuko uleule, jaribu kukata ghafla kutoka picha iliyotulia kwenda ukubwa tofauti kabisa, au simamisha kila kitu fremu 6 kabla ya tukio.